Kichwa Kilichopasuka Tanurini

Mshauri, shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, unisamehe. Mie ni karani kwenye yadi ya makontena Kurasini, na kila Jumamosi nasoma darasa la mwanzo la sanamu kwenye karakana moja hapa Tandika, sasa mwalimu wetu Fakihi alitupa kazi ya kufinyanga kichwa cha mtu, nikafinyanga cha marehemu baba, kikatoka yeye mtupu hadi kovu la kwenye nyusi, halafu mwalimu akaja na waya akasema, "Kipasue utosini, komba ndani, ukuta ubaki unene wa kidole," nikamwambia baba yangu simpasui, akanijibu mbele za watu, "Dada, hapa hakuna baba, hapa kuna udongo," basi alipogeuka nikachora tu mstari utosini, nikausiliba kama vile nimekipasua na kukiunga tena, nikasema tayari, na kilipochomwa kikapasuka tanurini kikavunja kazi za wenzangu sita, akalaumiwa Venance, mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa zamu ya moto, kwamba alikoleza haraka, akafukuzwa. Akanipigia: "Sista, si tulikuwa wote pale? Waambie moto niliupandisha polepole." Nikamjibu sikuangalia. Lakini mshauri, mwenye kosa si mwalimu aliyenidhalilisha? Nifanyeje?

Apolonia, Tandika

Marahaba, Apolonia. Pole kwa kufiwa na baba. Huruma yangu inaishia hapo.

Fakihi ana ulimi mkali, sawa. Ungemkatalia machoni, ukaomba kichwa kikaushwe tu bila kuchomwa. Hukukataa, ulidanganya. Udongo mnene huficha maji ndani hata ukionekana mkavu, na motoni maji hugeuka mvuke unaotafuta pa kutokea. Hilo hufundishwa kila anayeanza kazi ya udongo.

Baba yako asingeumizwa na waya. Venance ameumia, akakuomba neno moja la kweli, ukamnyima. Nawajua watu wa aina yako, mmejaa maofisini, misikitini na makanisani: mnamlilia marehemu huku mmemkanyaga aliye hai. Nchi hii ina watu wengi wanaobeba makosa ya waliosema "sikuangalia".

Nenda kwa Venance leo, kwa miguu yako, si kwa meseji. Jumamosi simama mbele ya darasa useme: kichwa sikukikomba, nilidanganya, Venance hana kosa. Fakihi akikufukuza, toka. Akikubakiza, wakandie udongo wenzako sita mpaka kila mmoja afinyange upya kazi yake, ndipo ushike wako. Ukishamaliza hayo, mdai Fakihi adabu ya ulimi. Si kabla.

Na Venance akikufungia mlango, usimtume shangazi wala mchungaji kumbembeleza. Mlango ni wake.