Sikio la Rémi

Jumapili, 11 Januari

Nimeolewa! Bado naandika hivyo kila nikifungua daftari hili, kana kwamba ilikuwa jana, na harusi ilikuwa Oktoba. Asubuhi Rémi alitoka na koleo, akanichimbia njia kwenye theluji mpaka mlangoni mwa gari langu, akarudi ndevu zote nyeupe. "Mke wangu, umeolewa na mzee, mpashe moto." Nikampasha! Mji wetu wote wa Tracadie hakuna mwanamume kama huyu. Hakuna.

Saa nane akaja Mylène. Kama kila Jumapili.

Mylène ni mwalimu mwenzake. Darasa la nne ni la Rémi, lakini watoto wote wamo humo pamoja, hakuna anayetengewa chumba chake. Yumo Zoé, ambaye hasemi kwa mdomo, anasema kwa kadi za picha. Yumo Loïc, ambaye hawezi kukaa kitini, na akikasirika anarusha vitu. Mylène amesomea mambo hayo, kwa hiyo wanafundisha wawili, na kila somo wanaliandaa wawili, ili kila mtoto apate pa kuingilia. Sawa. Lakini wanaliandaa kwenye meza yangu ya jikoni!

Somo la sasa ni sehemu — nusu, robo. Watapika fricot darasani, supu yetu ya kuku na viazi, wapime kila kitu kwa vikombe. Ijumaa ya tarehe 30 wazazi watakuja kutazama, na mkuu wa shule. Wapo wazazi wanaotaka Loïc asome asubuhi tu, halafu arudishwe nyumbani. Somo likivurugika mbele yao, atarudishwa. Rémi hali vizuri kwa ajili ya jambo hilo.

Nilikuwa naosha vyombo ambavyo nilishaviosha, ili nisikie. Rémi anasema, "Zoé labda kwa—" Mylène anadakia, "picha, na kikombe chenyewe mkononi." Mylène anasema, "Loïc kabla hajaanza ku—" Rémi anadakia, "abebe maji. Kitu kizito. Maneno machache." Hawamalizi sentensi! Mmoja ana nusu, mwenzake ana nusu ya pili.

Mimi na Rémi kila mtu anamaliza sentensi yake. Baada ya chakula nilijaribu. Alisema, "Janique, uliweka—" nikadakia, "chumvi!" Alikuwa anatafuta rimoti.

Jumanne, 13 Januari

Saluni. Nilimsimulia Bernadette, bosi wangu, huku nampaka mteja rangi. Akaweka mkasi chini. "Eti kuandaa somo! Shoga, mwanamke akija jikoni kwangu kila Jumapili kuandaa na mume wangu, nitamwandaa yeye kwa maji ya moto!" Mteja naye, rangi inamchuruzika shingoni: "Ana miaka mingapi huyo?" Nikasema arobaini, labda. "Basi hao ndio wabaya. Hawaharakishi." Wakacheka mpaka machozi. Nilicheka nao. Kwa meno tu.

Mylène si mrembo. Naliandika hapa ili nisisahau. Pua ndefu, mabuti ya kwenda kuvulia samaki kwenye barafu, kicheko cha puani. Lakini akisema "Rémi" ni kama anamwita mtu aliye chumba cha pili, na ana uhakika atakuja.

Alhamisi, 15 Januari

Furaha gani hii! Nimeamka nikakuta kadi za picha kwenye friji, zimebandikwa kwa utepe wa kunata, moja chini ya nyingine, kama ratiba ya darasani kwake. Kitanda. Kikombe cha kahawa. Koti. Na ya mwisho — vichwa viwili vinabusiana! Rémi amesimama pale na soksi moja. "Kila kitu kwa mpangilio, mama. Hatuondoki nyumbani mpaka ratiba iishe." Ratiba tuliimaliza vizuri sana. Nilichelewa kazini.

Baadaye. Nimeharibu mwenyewe. Nilimwuliza, mpenzi, hujui kuchora hata duara, hizi umechora saa ngapi? Akajibu bila wasiwasi wowote, "Ah, Mylène ndiye huchora kadi zote za Zoé. Nilimwomba anitengenezee na zetu."

Mylène! Hata busu letu limechorwa na Mylène! Alikaa nyumbani kwake, akachonga penseli, akamchora mume wangu midomo!

Nimeibandua ile kadi. Nimeificha kwenye mfuko wa aproni yangu ya bluu. Rémi aliuliza iko wapi, nikasema imedondoka.

Jumapili, 18 Januari

Chakula cha jioni kwa mama mkwe, Mama Huguette. Mylène alikuwepo. Bila shaka! Mama yake ni jirani pale, hucheza karata wote.

Sasa niandike polepole nilichokiona.

Mama Huguette alikuwa amemshika Rémi kwa maneno. "Kaka yako amenunua lori jipya kwa pesa za kuvua kaa. Wewe unafundisha watu kupika supu. Na huyo mtoto mkorofi, kwa nini usimwache aende zake? Unajiumiza kwa nini, mwanangu?" Rémi akawa mwekundu. Akavuta sikio. Sikio la kushoto, ile ncha ya chini, mara mbili, hivi.

Na papo hapo Mylène, aliyekuwa akigawa karata mwisho wa meza, akasema, "Mama Huguette, hii fricot umeitia nini leo? Mama yangu anaapa umeongeza kitunguu kuliko kawaida." Basi! Mama Huguette akamsahau Rémi, akageukia kitunguu. Rémi akashusha pumzi. Mylène akachomeka kalamu kwenye nywele zake, nyuma, kama mtu aliyefunga mlango.

Wala hawakutazamana! Hawakuhitaji!

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Goti langu lilikuwa linagusa goti lake. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na akili, ningeweza kusema jambo lolote. Hakuniita mimi.

Sikio hilo nalibusu mimi kila asubuhi. Nilidhani ni langu.

Jumanne, 20 Januari

Nimejivuta sikio mbele ya kioo cha saluni. Bernadette ameniuliza kama nina upele.

Jumatano, 21 Januari

Nimeuliza. Sikuweza tena.

Rémi akacheka kwanza — kosa kubwa. Halafu akaona uso wangu. Akaeleza. Darasani, Loïc akilipuka na yeye mwenyewe akiona uvumilivu unamwishia, anavuta sikio. Maana yake: nishikie, nazama. Mylène anachukua darasa bila watoto kujua kama kuna kitu. Akichomeka kalamu kwenye nywele maana yake: nimeshika, pumua. Waliliweka hilo kwenye andalio la kwanza kabisa, Septemba.

"Ni kazi tu, Janique. Kwa Mama mkono ulikwenda wenyewe."

"Ulikwenda wenyewe! Hilo ndilo baya zaidi!"

"Baya kivipi?"

"Ukizama unamwita yeye!"

"Wewe sitaki kukubebesha mizigo yangu. Kwako ndipo napumzika, mpenzi."

Wiki iliyopita ningelia kwa utamu wa maneno hayo. Leo nimemwambia, "Basi mimi kochi." Akanishangaa. Nikasema, "Watu hupumzika kwenye kochi, Rémi!" Akachukua madaftari yake akaenda kusahihisha sebuleni. Kwenye kochi. Kochi halisi.

Namchukia. Mgongo wake mzuri vile, ameinama juu ya madaftari. Namchukia na ningempelekea chai.

Nimempelekea chai.

Jumamosi, 24 Januari

Ni nani aliyeingia saluni? Mylène! Akakaa kwenye kiti changu. Bernadette akawasha mashine ya kukaushia nywele, halafu akaizima, asipitwe na neno.

"Punguza kidogo tu," Mylène akasema. "Nyuma uache, bibie. Kalamu ikae."

Kalamu ikae! Nilikuwa na mkasi mkononi. Mungu ni shahidi, niliacha.

Akasema ana hofu na Ijumaa. Mama yake Loïc amempigia simu akilia — mtoto akirudishwa nyumbani mchana, mama itabidi aache kazi kiwandani. Na Loïc anajua. Watoto wenzake wamemwambia. Ameanza kuuliza kila siku kama bado ana kiti.

Kisha, macho yake kwenye kioo: "Na wewe naona umeninunia, Janique."

Nikasema hapana, ni uchovu.

"Haya. Lakini kama ni zile kadi, niambie. Ile ya mwisho nilimwambia Rémi achore mwenyewe. Akaniletea viazi viwili vinapigana."

Bernadette alicheka kwa sauti. Mimi nikasema, "Kichwa mbele kidogo, tafadhali." Alipoondoka, kiti kilikuwa bado na joto lake na mimi nilikuwa bado na wivu, na sasa nina wivu na aibu pamoja. Angalau angekuwa mtu mbaya!

Viazi viwili ningevipenda. Kwa nini hakunipa viazi?

Alhamisi, 29 Januari

Tumepatana. Hatukupatana kwa maneno. Nilimkata nywele jikoni, ili kesho apendeze mbele ya wazazi. Nilipofika kwenye sikio nilisimama. Akasema taratibu, "Usilikate, nalihitaji." Nikamfinya. Tukacheka. Nampenda mpaka naona kizunguzungu!

Ameniomba kesho nije darasani niangalie sufuria, maana moto na watoto. Ruhusa imeshatoka shuleni. Nitavaa aproni ya bluu.

Redio inasema theluji usiku kucha.

Ijumaa, 30 Januari

Ni mapumziko. Niko darasani, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto wako kwenye korido, wazazi wanakunywa kahawa. Lazima niandike.

Mylène hakufika asubuhi. Gari lake limeteleza likaingia mtaroni, barabara ya Caraquet. Mzima, anangoja kuvutwa. Rémi alipokata simu alikuwa mweupe. "Tutaanza," akasema. Kwa nani sijui.

Mwanzo kulikwenda vizuri. Viazi, karoti, kila mtoto na kikombe chake. Zoé aliinua kadi ya nusu nikamjazia nusu. Wazazi nyuma, makoti mikononi. Halafu baba mmoja akamwuliza mwenzake, na hakunong'ona vya kutosha, "Ndiye huyo?"

Loïc akasikia. Ubao wa kukatia ukaruka. Karoti zikafika mpaka kwenye viatu vya mkuu wa shule. Loïc chini ya meza, kofia ya koti usoni, anapiga mguu wa meza kwa ngumi. Rémi akasema, "Loïc." Akasema tena, juu zaidi. Mara ya tatu haikuwa sauti yake. Mshipa wa shingo ulitoka. Kila mzazi alikuwa anamtazama.

Akavuta sikio. Mara mbili. Macho yake yakaenda dirishani, pale anaposimama Mylène.

Pale palikuwa na radieta ya kupasha chumba moto na glavu zinazokauka.

Mimi sikuitwa. Nataka niandike kweli: jambo la kwanza lililonijia ni kwamba hata sasa, hata hayupo, ni yeye! Ilinichoma pale pale, kijiko mkononi. Lakini chumba kizima hakuna mwingine aliyejua lile sikio linasema nini.

Nikaenda. Nikapiga magoti, mbali kidogo, sikumgusa. Jumapili zote nilizoosha vyombo visafi zilinirudia. Kitu kizito. Maneno machache.

"Loïc. Sufuria inakauka. Ndoo iko mlangoni."

Ngumi, ngumi. Baba yule akakohoa. Nikajizuia nisiongeze hata neno — mimi! Nikangoja. Nyuma yangu Rémi aliwageukia wengine, nikamsikia akivuta pumzi ndefu. Halafu Loïc akatokea upande wa pili wa meza, hakunitazama, akaenda akainua ndoo kwa mikono miwili, akaileta bila kumwaga. "Robo ngapi?" akaniuliza kwa hasira. Nikasema, "Niambie wewe." Akapima. Robo tatu. Ilikuwa sahihi! Mama yake alijifunika uso kwa kofia.

Na Zoé, aliyekuwa kando yangu muda wote, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kadi. Ile kadi! Akaenda nayo kwenye ratiba ukutani, akaibandika mwisho, chini ya picha ya supu. Darasa zima: "Uuuuuh!" Mpaka mkuu wa shule. Rémi masikio yote mawili mekundu.

Kengele ilipolia alinishika kiwiko. "Umejuaje la kufanya?" Nikasema, "Nilikuwa naosha vyombo." Hakuelewa. Alitaka kusema kitu. Ndipo mlango ukafunguka.

Mylène, theluji mpaka magotini. Rémi alimkimbilia. Anamweleza sasa hivi, pale kwenye ubao, mikono juu, na hawamalizi sentensi — nawasikia hapa nilipo, na inauma vilevile, haijapungua. Ameona kadi ukutani. Kicheko cha puani.

Watoto wanaingia. Wazazi wanarudi ukutani. Nusu ya pili, ndiyo ngumu, kugawa supu sawasawa kwa watu wote. Mylène amekwenda dirishani mahali pake. Mimi sufuria. Loïc ana bakuli, kuna mtu amemsukuma kwa bahati mbaya, supu imemmwagikia mkono. Anaweka bakuli chini kwa nguvu. Uso unabadilika.

Mkono wa Rémi unapanda. Umefika sikioni. Hatazami dirishani wala hanitazami, anamtazama Loïc tu.

Namtazama Mylène. Kalamu iko mkononi mwake. Haijaenda kwenye nywele. Naye ananitazama mimi.

Naweka daftari chini.