Mashavu Yaliyopata Mchumba Wodini

Shinyanga, wodini

Kaka Masanja, shikamoo.

Jua la hapa linachoma, nami kazi yangu ni kula. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo daktari ananipa kwa ajili ya hii saratani ya damu, vinaleta njaa ya ajabu. Jana nilimaliza michembe yangu, vile viazi vitamu vikavu vya nyumbani, nikamaliza na ya Mama Shija wa kitanda cha jirani. Mashavu yamevimba mpaka macho yanachungulia.

Sasa sikia. Mzee mmoja alikuja kumwona Mama Shija, akaniangalia weee, kisha akamnong'oneza: "Binti huyu kwao wanakula. Baba yake anataka ng'ombe wangapi?"

Nikajibu mwenyewe: "Thelathini, na madume hatutaki."

Hakushtuka! Akauliza njia ya kufika kwetu Kharumwa.

Najua unawasubiri ng'ombe wa mahari yangu ili nawe uoe, kwa hiyo mpokee vizuri, ila vidonge usivitaje. Daktari anasema damu imeanza kuwa safi, na dozi ikipunguzwa mashavu yatakwisha. Niombee, kaka, nirudi nyumbani mwembamba, nikakuharibie harusi.

Mdogo wako akupendaye,
Kabula