Mlango wa Upande wa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako vipi, na kazi, na lile goti linalokusumbua kila baridi ikiingia? Wifi yangu mtarajiwa naye hajambo? Msalimie sana, umwambie nimemaliza kudarizi foronya zake na asithubutu kuzilalia kabla ya harusi. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama anakula, ila miguu inamvimba akisimama sana, na kusimama hajaacha, unamjua. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la nguo zako, kwa hiyo ukija usivae kitu bila kukikung'uta.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe huna masikio. Mtu hajamaliza kufungua mdomo, umeshamjibu. Nina jambo refu na nataka unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza. Na bahasha ukiiona nzito usiitikise, utafika hapo.

Nianze na habari unayoisubiri. Kobe amefufuka. Lile gari la marehemu baba ambalo macho yalipomkataa alilipandisha juu ya matofali nyuma ya nyumba, akalifunika turubali na kukuachia wewe mwanawe wa kwanza, sasa linanguruma. Usidhani ilikuwa kazi ndogo. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma mpaka kiti chenyewe kikawa hakijulikani. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hivi kwamba ukikaa mbele unaona majani yameota chini ya miguu yako. Ndani ya kabureta kulikuwa na kiota cha nyigu, na nyigu wenyewe walikuwa hawajahama.

Fundi niliyempata ni yule wanayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Anaongea akichomelea, anaongea akipiga msasa, anaongea kichwa kikiwa ndani ya boneti mpaka gari ndilo linalokujibu. Nilipomwambia kaka yangu anataka gari liwe tayari kwa harusi yake, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasimama, akavua shati na kuanza kufungua magurudumu. Taa ulizotuma zimekaa sawasawa. Bomba la radieta halikuingia, ulituma la gari jingine kabisa, na Redio amekutungia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa adabu. Rangi ya asili aliipata chini ya mpira wa buti, pale jua lilipokuwa halifiki. Ile rangi ya maziwa, unaikumbuka? Nilipoiona machozi yalinitoka kama mjinga.

Siku injini ilipowaka, moshi uliingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, akatutukana sote kwa zamu. Mimi nilikuwa narukaruka tu. Mama hakutoka nje. Nilimkuta jikoni anasugua sufuria ambazo nilikuwa nimeshaziosha. Nikajisemea, maskini, anamkumbuka mumewe. Tangu baba alifunike gari kwa turubali lile, mama hajawahi kulikaribia, nami siku zote nilidhani ni majonzi.

Sasa nakuja kwenye mlango. Uliagiza kila kitu kirudi upya isipokuwa mlango wa mbele wa abiria, usiguswe kwa ndani, ubaki mbovu kama baba alivyouacha. Sababu naijua, nimekua nayo mdomoni kama wewe. Mlango haufunguki kwa ndani, kwa hiyo kila safari baba alikuwa akishuka, anazunguka mbele ya gari, anamfungulia mama na kumpa mkono. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakiwasuta waume zao kwa ajili ya baba yetu. Mama wakambatiza Malkia, na mpaka leo sokoni wanamwita hivyo. Ukasema siku ya harusi utamfungulia mkeo mlango uleule, na kila siku ya maisha yenu. Uliponiambia nililia kwa furaha. Leo nasema ukweli, nikiyakumbuka machozi yale najisikia vibaya.

Tatizo ni kwamba kutu haikujua agizo lako. Chini ya mlango ule palikuwa pameoza, na ili kuchomelea lazima ubao wa ndani utoke. Redio akautoa. Alikuwa katikati ya kisa cha shemeji yake na mbuzi, akanyamaza. Kaka, Redio alizimika. Nikaacha kusugua kutu upande wa pili, nikamfuata.

Akanionyesha. Kutoka kwenye kishikio cha ndani kuna fimbo nyembamba ya chuma inayokwenda kuvuta kitasa. Kitasa kilikuwa kizima. Kishikio kilikuwa kizima. Fimbo ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno, na ncha zilizokatwa zikalainishwa kwa tupa, kazi ya mtu asiye na haraka. Redio alisema kitu kilichoharibika chenyewe hakijipigi tupa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, ni nani alikuwa hatakiwi kushuka.

Nilimwambia aache upuuzi. Tukaendelea na kazi, na alipotafuta spana kwenye sanduku la vifaa la baba, chini kabisa akakuta kitu kimefungwa kwa kipande cha shati. Kaka, kaa vizuri. Ulikuwa ule mkono wa kuzungushia kioo cha mlango ule. Ule ulioupoteza ulipokuwa darasa la kwanza. Ule uliochapwa kwa ajili yake mpaka ukakubali kwamba uliutupa kwenye mtaro, nasi tukapelekwa kuutafuta kwenye matope, mimi mdogo nikiwa nashikilia ndoo. Haukupotea hata siku moja.

Nilimpelekea mama. Niliuweka juu ya meza ya jikoni. Aliutazama, akaugeuza, akasema kumbe bado upo, na akaendelea kuchambua mchele. Nikakaa naye. Mchele ulipokwisha kuchambuliwa, akauchambua tena, na hapo ndipo akaanza kusema.

Alisema wakati wewe ni mchanga, bibi mzaa mama alikuwa anaumwa. Kila mama alipoomba kwenda kumwona, baba alikubali. Hakukataa hata mara moja. Alisema wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika akasema ijayo. Siku moja wakawa wamesimama kwenye reli, geti limeshuka, treni inapita. Mama akafungua mlango, akashuka na wewe ubavuni na furushi la nepi zako, akashika njia kando ya reli kuelekea kwao. Baba aliliacha gari likinguruma, wenye magari wakipiga honi nyuma yake, akamfikia. Hakumgombeza. Alikutoa wewe mikononi mwa mama, akageuka, akarudi garini. Mama anasema alisimama pale kidogo akitazama njia ya kwao, kisha akafuata mtoto.

Wiki ile ile mlango ukaharibika.

Bibi alifariki bila kumwona. Ndipo baba akampeleka mama msibani, na ukoo mzima ukaona mkwe mwenye suti anavyozunguka gari kumfungulia mkewe anayelia. Shangazi mmoja akasema huyu si mke, ni malkia. Jina lilianzia hapo, kwenye kifo cha mama yake. Mama anasema kila akiitwa hivyo sokoni huwa anaitika, kwa sababu watu hawana kosa.

Kioo nacho, miaka baadaye, aligundua akikishusha anaweza kupitisha mkono na kujifungulia kwa nje. Alifanya hivyo mara moja tu, mbele ya duka la vitambaa. Kesho yake mkono wa kioo ukawa haupo, na wewe ukachapwa. Nilimuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba angesema, wewe ungeacha kuchapwa kwa kosa hilo na yeye angetafutiwa kifungo kingine. Akaongeza kuwa hilo ndilo linalomuuma kuliko mlango. Alisema niliandike hivyo hivyo: anakuomba radhi.

Nikamuuliza kama baba alikuwa mbaya. Akasema hakuwahi kumpiga hata kofi, wala kumnyima chakula, wala kumtukana. Alikuwa anaogopa kuachwa, akatafuta dawa yake garini.

Kaka, nilimpenda baba. Alinifundisha baiskeli akikimbia nyuma yangu na viatu vya kazini. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi, maana sijui niuweke wapi upendo huu. Nimekuwa nalia nikifua, nalia nikipiga pasi. Redio ameanza kuniletea karanga.

Mama alinikataza nisikuambie. Alisema aliyekufa amekufa, usimnyang'anye mtu baba yake mwezi wa harusi. Nami ningenyamaza, haki ya Mungu ningenyamaza. Ila wifi alipiga simu kuulizia foronya, akawa ananichekesha. Akasema wewe una mapenzi ya ajabu: umemwambia asipande tena gari la ofisini kwao, utakuwa unampeleka na kumrudisha mwenyewe. Hata kwa mama yake umemwambia asubiri, utampeleka ukipata nafasi. Anasubiri bado. Alicheka. Zamani ningecheka naye. Safari hii nilikata simu nikisingizia chungu kinaungua.

Usikasirike. Mimi sisemi wewe ni baba. Najua moyo wako, wewe ndiye uliyekuwa unanipa nyama yako na kusema umeshiba. Nasema tu kwamba sisi wawili tumelelewa tukiushangilia mlango uliofungwa, tukaita mapenzi, na mtu akijifunza jambo utotoni hajui kama amejifunza.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokiri, na ukitaka kunigombeza uanzie hapa. Nimevunja agizo lako. Nilimwambia Redio atengeneze fimbo mpya na arudishe mkono wa kioo mahali pake. Aliniuliza mwenye gari atasemaje. Nikamjibu mwenye gari yuko mbali na mimi niko karibu. Alifanya kazi ile bila kusema neno lolote, na kwa Redio hiyo ni heshima kubwa kuliko kuvua kofia.

Jana asubuhi lilikuwa limekamilika, limeng'arishwa, mbele ya nyumba. Nikaenda kumwita mama. Nilidhani atakataa. Alifuta mikono, akabadilisha kanga, akatoka. Redio kwa adabu zake akakimbia kumfungulia mlango. Mama akamwambia asante mwanangu, kaa pembeni. Akafungua, akaingia, akafunga. Akakaa akitazama mbele. Nikaona mkono wake unatafuta kile kishikio bila yeye kukitazama. Akakivuta, na mlango ukafunguka. Akashuka, akasimama kwenye mchanga. Akaingia tena, akafunga, akafungua, akashuka. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa. Majirani walitoka, mmoja akaita, Malkia, umekuwaje leo? Mama hakuitika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia akiitika jina lile. Alikuwa na kazi.

Alipochoka aliniita, akashikilia mlango ukiwa wazi, na akaniruhusu nikuandikie. Akanipa na ujumbe, nao nauweka kama ulivyo. Anasema gari ni lako, baba alikuachia na yeye halidai. Mkeo umfungulie mlango kama unapenda, ni jambo zuri, hata yeye alilipenda mwanzoni. Lakini kabla ya harusi umpeleke kwanza kwa mama yake, au umwache aende. Na siku ukija kulichukua Kobe, ukiukata tena ule mlango, au ukiukata kwa maneno bila msumeno, yeye atakuja harusini kwako kwa miguu, na kila atakayemuuliza njiani kwa nini, atamwambia.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha ile fimbo. Pitisha kidole kwenye ncha. Ni laini sana. Baba hakutaka ilie ndani ya mlango.

Mama anakusalimu, anauliza goti. Redio anakusalimu, anauliza bomba la radieta. Wifi mpe salamu zangu kabla hujampa barua hii, na umpe barua hii.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukinuna.