Injini Uliyoitengeneza Wewe, Sifa Nikachukua Mimi

Yaya mpendwa, dada uliyenitangulia tumboni mwa mama,

Mpaka leo hapa Kisangani wananiita Papa Motere, yaani baba wa injini. Wewe uliyestahili jina hilo umelala kaburini Bukavu, na huku hakuna anayejua.

Unakumbuka tulivyoikokota ile injini kutoka uwanja wa ndege wa Simi-Simi? Vita vilikuwa vimefunga njia zote, nayo ilikuwa imekaa miaka kwenye pua ya ndege ndogo iliyozama majanini. Mimi nilibeba tu na kushika. Mwenye kujua ulikuwa wewe, maana papa, baba yetu, alipokuwa akifungua mashine uani, wewe ulikaa naye, mimi nikakimbilia mpira. Pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Ukazilowesha mafuta ya taa, kila asubuhi ukizigonga taratibu kwa kipande cha mti. Magneto, kile kifaa cha kuleta cheche, ulikikausha juu ya mbabula, jiko la makaa la mama.

"Na pondu nitapikia wapi?" mama akalalamika, kisamvu mkononi.

"Leo tukule mukate, mama. Motere nayo iko na njaa," ukamjibu.

Tuliifunga nyuma ya mtumbwi mkubwa wa mbao, pangaboi lake likitazama nyuma ili lisukume kwa upepo. Iliponguruma mara ya kwanza, watu ukingoni walishangilia huku wameziba masikio. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo akauliza, "Fundi iko wapi?"

Nilikutazama. Ulikuwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Ni miye, mama," nikasema.

Uliinama, ukaanza kuokota spana. Nilingoja unigombeze nyumbani. Wewe ukanawa grisi, ukaenda kulala. Yule mama akanipa kazi ya kuendesha mtumbwi wake.

Kisha mapigano yakaingia mjini. Nilipakia watu waliokuwa wanakimbia. Wewe ukabaki mjini kumuuguza mama yetu. Baada ya saa moja tu ya kushuka mto injini ikazima. Nilifungua hiki, nikafunga kile, watoto wakilia, mkondo ukatutupa kwenye kisiwa. Mvuvi mmoja akakubali kukupelekea habari. Ulikuja kwa pirogi yake, mtumbwi mdogo wa kasia, risasi zikilia nyuma yako. Abiria wakauliza wewe ni nani.

"Fundi alinituma nimuletee kipande," ukajibu. "Bon, tusogee, afanye kazi yake."

Ulinisimamisha mbele yao nikufiche kwa mgongo wangu, ukafungua magneto, ukaikausha kwa kitenge chako. Injini ikawaka. Watu wakanishika mkono mimi. Wewe ukarudi mjini kwa mama. Yaya, ungenitukana siku ile, ningekuwa nimepona uongo huu zamani.

Wiki iliyopita binti yako alikuja, mara ya kwanza tangu tukuzike. Ana macho yako. Tukiwa mezani akaniuliza mimi mjomba wake, "Tonton, wakati wa vita, mama alikuwa anafanya nini huku?"

Mdomo wangu ukawa mwepesi kama zamani. "Alikuwa anatupikia," nikamwambia.

Akatabasamu, akaendelea kula. Usiku ule nikainuka, nikaanza kukuandikia.

Kesho asubuhi anapita kuniaga kabla ya safari. Nitamwomba aketi, nitampa barua hii mkononi, nami nitabaki nimesimama mbele yake mpaka aimalize. Atakaloniambia, nitalipokea.

Pumzika, Yaya.

Mdogo wako,
aliyejificha nyuma ya jina lako