Kifungu Tulichokiruka

Shoga yangu Maryam,

Ule mkataba wetu wa ushirika umetiwa saini, na wewe hukuwepo. Nimeona nikwambie mwenyewe.

Tulipoanza hatukuwa na karatasi yoyote. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi Malindi ya hapa mjini kwa mama, kwenye nyumba ambayo watu wake bado wanahadithia mashamba ya babu kana kwamba yapo. Wewe ulikuwa umetoka Makunduchi, umesafisha vyumba vya hoteli mpaka umechoka kutumwa. Ukanifundisha kupiga deki kwa kurudi nyuma, nisikanyage nilipokwishapita. Mjomba aliposikia nafuta vyoo vya watu, akasema nimewaaibisha. Nikaja kwako nalia. Ukacheka.

"Hebu kamuulize mjomba, chake anakifuta nani?"

Tukapata nyumba za wageni Mji Mkongwe, kisha nyumba za watu Mbweni, kisha zile mpya za Fumba. Tukaajiri wanawake wenzetu. Baina yetu neno lilitosha, mpaka hoteli moja ya Kiwengwa ilipotaka kutupa kazi ikatuuliza: mkataba wenu uko wapi? Ndipo tukapanda kwa yule wakili wa Vuga, binti mpole, Bi Rahma.

Alitusomea rasimu kifungu kwa kifungu. Nani atasimamia wafanyakazi, nani atatia saini, tukigombana atuamue nani. Kisha akainua macho.

"Na mmoja wenu akifariki?"

"Wacha uchuro, Bi wakili," ukasema. "Mimi na Salma tutazeeka na madekio yetu."

Tulicheka sote, hata yeye. Akapaacha wazi, akasema tutapajaza tukirudi.

Hukurudi. Presha ilikuangusha ukiwa kazini Mbweni, kwenye ngazi za ghorofani, na mimi niko Fumba. Mwanajuma, mmoja wa wafanyakazi wetu, ndiye aliyekukuta. Nilipofika walikuwa wameshakufunika kwa kanga yako mwenyewe.

Baada ya maziko nilirudi kazini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikijaza ndoo yangu, najaza na yako, kisha nasimama naitazama. Siku moja Fumba, ndani ya nyumba tupu ambayo bado inanuka rangi, nikasikia kutoka jikoni, "Salma wee!" kwa ile sauti yako ya kuvuta mwisho. Nikaitika "Naam!" kabla sijajizuia. Wanawake wakaacha kusugua. Mwanajuma akaanza kusoma Ayatul Kursi chini kwa chini.

"Usiitike, Bi Salma," akanambia. "Usiyemwona humwitikii."

Mimi niliitika, Maryam. Kila uliponiita niliitika, na kila nilipoingia jikoni sikukuta mtu.

Kisha akaja kaka yako Haji. Hakuja kwa ubaya, alikuwa amekonda, macho mekundu. "Dada hayupo," akasema. "Tugawane vilivyopo, tufunge. Sitaki kuziona zile sare za wafanyakazi wenu tena njiani." Nikaenda kwa Bi Rahma kutafuta msaada. Akaifungua ile rasimu, akanionyesha pale palipoachwa wazi.

"Kwa sheria, pasipo makubaliano mengine, ushirika wenu umekufa naye."

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Nikawafikiria wale wanawake. Nikafikiri pia, naona haya kukwambia, kwamba biashara ikifungwa hutakuwa na pa kuniita.

Nikaenda Makunduchi. Mama yako alikuwa ukumbini, na Haji pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo." Akaishika mikono yangu, akaisogeza puani. "Inanuka sabuni kama ya mwanangu."

Haji ndiye aliyeeleza, kwamba sheria imekwisha kusema, kwamba ni bora tufunge. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haji, mwanangu nimeshamzika," akasema. "Sasa mwataka nimzike tena na kazi yake?"

Haji akauinamisha uso, akalia kwa sauti. Alikuwa hajalia mazikoni, mama yako akanambia baadaye. Alipomaliza akajipangusa, akaniuliza, "Wakili wako yuko siku gani?"

Jana asubuhi tulikuwa Vuga sote. Wewe hukuacha mtoto wala mume, kwa hiyo mama yako na Haji ndio warithi wako, na wao ndio washirika wangu sasa. Bi Rahma akasoma: mshirika akifariki, kazi itaendelea, na warithi wake watasimama mahali pake. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama yako akainua kidole.

"Hapo soma tena."

Akasoma tena. Mama akatia dole gumba, akaliangalia lile doa la wino, akanigeukia.

"Sasa nipeleke alipoangukia."

Maryam, ile nyumba ya Mbweni nilikuwa sijaikanyaga tangu siku ile. Nikiwapeleka wenzangu, mimi nabaki getini na visingizio vyangu. Jana nilipanda na mama yako, namshika mkono, au yeye ananishika mimi. Penye kona ya ngazi nikasimama kama Mwanajuma alivyonielekeza.

"Hapa, mama."

Hakulia. Alikaa kitako, akaomba kitambaa na maji. Akaifuta ile ngazi polepole, pembe kwa pembe. Ilikuwa imeshafutwa asubuhi ile ile na wenzetu. Sikumwambia. Nikachovya kitambaa changu, nikaanza ngazi ya chini yake.

Ninapoandika haya amelala chumbani kwangu. Kesho namrudisha Makunduchi. Mungu akuweke penye raha, shoga yangu.

Mwenzio wa kazi,
Salma