Mzee Alipojilaza Kwenye Benchi

Somo yangu, uko wapi? Yavumilie makosa ya uandishi, ninaandika kwa mkono mmoja.

Unamkumbuka yule muuguzi anayetufundisha hapa kijijini namna ya kumtunza nyumbani mgonjwa ambaye hatapona? Leo aliomba mtu mmoja ajifanye mgonjwa. Nani aliinuka? Mume wangu! Mgonjwa mwenyewe! Akajilaza kwenye benchi, fimbo kifuani.

Muuguzi akamwuliza, "Babu, ungependa kitanda chako kikae wapi?"

Nikajibu mimi: "Palepale kilipo. Dirishani kuna baridi."

"Bibi, nimemwuliza mgonjwa."

Watu wakacheka. Walicheka, somo! Hata wale niliowafundisha kusoma.

Ndipo mzee akasema, macho darini: "Dirishani, niwaone wapita njia. Hospitali sirudi tena. Na huyu mke wangu, Mwalimu, aache kuniambia kila asubuhi kwamba nitapona. Ananiacha peke yangu na jambo hili."

Peke yake! Mimi ninayemlisha na kumwogesha!

Njiani nilimnunia. Naye, bila haya: "Je, sikuigiza vizuri?"

Nyumbani nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Peke yake? Mwishowe nikakisukuma kitanda hadi dirishani, naye yuko juu yake akinipa amri kama nahodha.

Kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nitapona?"

Somo, miezi yote hii jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Hapana, mume wangu."

Akanishika mkono. Hadi sasa hajauachia.