Mwaka Baba Alipoingia Jikoni

Jumanne, 2 Desemba

Vitambaa vya meza vimeanza kuingia. Marundo kwa marundo! Kila hoteli, kila ofisi, kila mwenye sherehe ya kufunga mwaka, wote wametukumbuka sisi madobi. Chumba cha pasi kina joto la tanuri. Msimamizi kasema hakuna ruhusa mpaka tarehe ishirini na nne. Sawa. Kwani nina pa kukimbilia?

Leo nilipiga pasi kimoja cheupe, kirefu, cha watu wengi. Nikajikuta nawakalisha watu wetu akilini. Baba pale mwisho. Mdogo wangu wa kiume, tunayemwita Mita kwa kazi yake ya kusoma mita za maji, huku, na viwiko vyake vya kusukumana. Kitinda, kitindamimba wetu, ubavuni kwa Mama. Mama –

Mwenzangu wa pasi ya pili akauliza, mbona umesimama kama nguzo? Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moshi.

Ni Krismasi ya kwanza. Mama tulimzika baada ya Pasaka. Watu wanakuambia ya kwanza ndiyo ngumu, halafu wanakwenda zao. Hakuna anayekuambia unaifanyaje.

Jumapili, 7 Desemba

Nimetoka kwa Baba. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kinyozi, hana mteja, ananoa mikasi isiyohitaji kunolewa. Nikazunguka na maneno weee, mwisho nikauliza: Krismasi tunafanyaje? Hakuinua kichwa. Kasema mwaka huu kila mtu ale kwake, tusisumbuane.

Tusisumbuane!

Kwetu Krismasi ilikuwa ni kusumbuana tangu alfajiri. Kila mtu na kazi yake, na hakuna aliyekumbuka ziligawanywa lini. Mimi vitunguu saumu, natwanga huku chozi linanitoka. Mita viazi. Alikuwa anamenya ganda nene, kiazi kinabaki kama gololi. Mama anamwambia, “Baba wewe, ganda tuwape wageni, kiazi tuwape kuku?” Kitinda chumvi. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, Mama alimdondoshea mchuzi kiganjani, sisi wote kimya, yeye analamba, anakunja uso kama hakimu, halafu: “Bado.” Au: “Basi.” Haikatiwi rufaa. Mwaka jana alikuwa na kucha za rangi na viatu virefu, na bado alikinga kiganja.

Kazi ya Baba ilikuwa kutokuingia. Mlango wa jikoni ulikuwa na mpaka usioonekana, na Baba aliujua vizuri kuliko mipaka ya shamba. Chakula kikishakuwa mezani ndipo anaingia, kanyoa ndevu, ananusa hewa, anauliza, “Nani kapika leo?” Na Mama: “Mpita njia tu.” Kila mwaka, maneno yale yale. Na kila mwaka tunacheka kama ndiyo kwanza tunayasikia. Wajinga sisi! Wajinga wenye raha.

Nimerudi kwangu nikachemsha yai.

Alhamisi, 11 Desemba

Mita kanipigia kutoka kazini. Wiki hii anasoma mita za maji mtaa wa Baba. Sauti yake ya chini, ya kupika jambo.

Anasema alikuwa uani kwa Mama Mapazia. Huyu ni jirani wa ukuta mmoja na Baba, mjane wa siku nyingi, mshona mapazia. Mita yake ya maji iko chini ya dirisha la jikoni. Akainama kusoma, akasikia kicheko cha mwanamume. Akainuka. Nani yule? Baba! Jikoni kwa Mama Mapazia, kavaa aproni ya Mama. Ile ya bluu yenye mfuko mbele.

“Labda alikuwa anamsaidia kitu,” nikamwambia.

“Dada, mzee wetu anacheka. Wewe lini mara ya mwisho umemsikia akicheka?”

Nikahamishia simu sikio la pili.

“Lisemwalo lipo,” akasema, “na kama halipo laja.”

“Na nani kasema? Wewe peke yako ndiye unayesema!”

Nikamwonya asimwambie Kitinda. Kimya. Nikajua. Kashamwambia kabla yangu. Huyu mtoto hata kazi yake ni kusoma vya watu na kuvipeleka mbele.

Aproni ile nilikuwa nimeitafuta. Nilitaka kuichukua mimi.

Ijumaa, 12 Desemba

Kitinda kapiga. Yuko mapokezi ya kliniki, mji mwingine, mchana kutwa anawaambia watu wakae wasubiri. Leo mwenyewe hakuweza kusubiri nimalize salamu. Analia. Hata mwaka haujaisha, Dada! Anasema haji. Hawezi kula mkono wa mwanamke mwingine juu ya meza ya Mama.

Nikasema hatujui lolote.

“Kila mtu ale kwake, si ndivyo alivyosema? Basi tumeshajua yeye anakula wapi.”

Akakata.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilikwenda. Sikutoa taarifa. Kinyozini pamefungwa, nyumbani pamefungwa. Nikapita uani kwa Mama Mapazia na hasira zangu nimezikunja vizuri kama shuka.

Mlango wazi. Baba kasimama mbele ya kuku mbichi, kisu mkononi, na aproni. Mama Mapazia kakaa kwenye kigoda, sindano mdomoni, pazia la mtu magotini, anaelekeza kwa kidevu. “Siyo hapo! Huyo kuku haendi kunyolewa, mzee, anakwenda kuokwa!”

Halafu wakaniona.

Baba alificha kisu nyuma. Mwanamume wa miaka yake, anaficha kisu kama mtoto aliyeiba sukari.

“Shikamoo, Baba. Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akasema Mama Mapazia. Akatoa sindano mdomoni. “Afadhali umekuja. Baba yenu kanitesa! Wa kwanza kaungua nje, ndani mbichi. Wa pili katia sukari akidhani chumvi. Paka wangu kanenepa wiki hii.”

Sikucheka. Nilimwangalia Baba. Akasema anajifunza. Anajifunza nini? Kuku wa Krismasi. Na wali usioshikana. Na mchuzi ule mzito.

“Si ulisema kila mtu ale kwake?”

“Nilisema hivyo ili nikishindwa, nishindwe peke yangu.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniomba mimi. Mimi niko hapa hapa, mikono ninayo. Akaniangalia kwa yale macho anayomtazamia mteja kwenye kioo, akasema: “Ningekuomba wewe, ungepika wewe. Ungeniondoa jikoni kama alivyoniondoa mama yako.”

Kweli tupu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikichukue kile kisu.

Tukanywa chai. Mama Mapazia alimwekea Baba sukari bila kumuuliza, na ilikuwa sawasawa. Hilo nimeliona. Sijui nilifanyie nini. Mwanamke huyu alimwosha Mama miguu siku zile za mwisho, mimi nikiwa zamu. Siwezi kumchukia. Nimejaribu njia nzima.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemweleza Kitinda yote: kuku, sukari, paka. Nilidhani atacheka. Akauliza tu, kwa nini aproni? Hakukuwa na kitambaa kingine duniani?

Haji.

Mgongo umekufa. Vitambaa bado vinaingia. Kimoja kimerudi na doa la mchuzi lenye umbo la kiganja cha mtoto. Nililisugua, likafifia. Halikuisha. Nikafurahi kwamba halikuisha, sijui kwa nini.

Jumatatu, 22 Desemba

Baba kaja kazini! Hajawahi. Kasimama kwenye dirisha la kupokelea nguo na kofia yake mkononi, msimamizi akadhani ni mteja. Kaja kusema: Krismasi njooni, nitapika mimi. Alivyosema ni kama mtu anayekuja kuposa.

Nikamwuliza, na Mama Mapazia? Akasema amemwalika, naye kakataa. Kamwambia, “Hiyo meza si yangu, mzee. Mimi niletee sahani ukutani.”

Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka: “Kitinda kasema atakuja?”

Nikamwambia bado anaomba ruhusa. Uongo. Akaitikia kwa kichwa, kwa muda mrefu. Nadhani alijua.

Jumatano, 24 Desemba

Kitambaa cha mwisho kimetoka saa tisa. Tumepigiana makofi sisi kwa sisi. Vidole vinanuka wanga wa nguo.

Nimempigia Kitinda mara mbili, hakupokea. Mara ya tatu kaandika: Krismasi njema, Dada. Wasalimie.

Usiku wa leo Mama angekuwa ameshaloweka, ameshakata, ameshagombana na kila mtu. Nyumba nzima ingekuwa inanuka saumu, na mimi vidole hivi hivi vingekuwa vinanuka saumu. Natamani kugombezwa. Natamani mtu aniambie toka hapo, unanizibia mwanga.

Alhamisi, 25 Desemba

Niko kwenye chumba chetu cha zamani, juu ya kitanda nilicholala na Kitinda tangu akiwa anakojoa. Nimewaambia naenda kunawa uso. Wengine wako mezani. Naandika haraka.

Nilifika asubuhi na mapema, mikono ya shati nimeshaikunja, tayari kwa kutwanga. Baba akanikuta mlangoni. Kashatwanga! Viazi kashamenya, vyote sawa sawa, kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. “Leo ninyi wageni,” akasema. “Kaeni.” Mita alikuja na kisu chake kidogo mfukoni, maskini, akakirudisha mfukoni. Tukakaa sebuleni, wawili, tunatazamana. Sufuria inalia jikoni na hakuna wa kutuita. Sikujua mikono inawekwa wapi asubuhi ya Krismasi. Niliikalia.

Chakula kikaja. Sahani ya Mama Mapazia nikaipeleka mimi, juu ya ukuta. Aliipokea kwa mikono miwili, akanusa, akasema, “Safari hii kaweza.” Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema asante, mama.

Tukakaa. Baba akatupakulia. Hakuna aliyeuliza nani kapika. Ilipita ile nafasi yake, tuliisikia ikipita, Mita akakohoa.

Nikaonja. Ee Mungu. Kuku mzuri! Kaiva, laini, ngozi inakatika. Kumbe nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili: chakula kiwe kibaya, tucheke, au kiwe cha Mama, nilie. Hiki ni kizuri, na si chake. Ni cha Baba. Mkono mwingine kabisa, mkono ambao nimekula leo kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nikatafuna polepole. Pengo la Mama nililihisi kuliko siku ya mazishi.

Hapo ndipo simu ikatetemeka mapajani kwangu. Kitinda. Nikainamisha kichwa, nikapokea kwa kunong’ona.

“Mmeshakaa?” Sauti ndogo.

“Tumekaa.”

“Usiseme ni mimi. Iache hapo mezani. Nataka kuwasikia tu, Dada.”

Nikaiweka kando ya sahani ya mkate, uso chini, kama mtu aliyemaliza kuongea. Nikasema ni wa kazini. Nikaendelea kula.

Mita, mwenye mdomo usio na mlango, akamwuliza Baba: mzee, lakini kwa nini hasa? Chakula si ungeagiza tu?

Baba akaweka uma. Akaangalia mikono yake. Nilidhani atanyamaza, ndiyo tabia yake. Akasema:

“Mdogo wenu alikuja mwezi wa sita. Hamkuwepo. Kafika kachoka, na safari yote ile. Akaingia jikoni atupikie, nikasikia sufuria zinagongana, halafu kimya. Nikachungulia. Kakaa chini, kashika mwiko, analia. Mimi nimesimama mlangoni. Miaka yote nimesimama mlangoni pale! Sikujua hata unga uko kopo gani. Asubuhi akaondoka. Akaniambia, Baba nimeshiba.”

Mita kaacha kutafuna.

“Mwanangu alitoka nyumbani kwangu na njaa,” Baba akasema. “Mama yenu hakuwahi kumruhusu hata mwendesha mkokoteni atoke hapa na njaa. Nikasema, haitatokea tena. Akija Krismasi, atakuta. Ile aproni niliivaa ili niweze kuvuka mlango. Basi.”

Akajaribu kucheka. “Na yeye ndiye hakuja.”

Ndipo niliposema naenda kunawa uso.

Simu nimeiacha. Sijui kama bado anasikiliza au kashakata. Sijui kama nimefanya vyema. Angejua kuna mtu, Baba asingesema hata neno moja kati ya yale. Na asingesema, Kitinda angekaa na aproni ile kooni mpaka lini? Lakini ni maneno yake Baba, nimeyatoa nje bila kumwomba.

Natakiwa kurudi. Nasikia vijiko. Mita anaomba mkate. Baba anasema subiri nikusogezee –

Kimya.

“Mbona simu ya dada yako inawaka?” Ni Baba, nadhani kaigeuza. “Mbona kama mtu yuko hewani?”

Mita hajibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hana la kutangaza.

Kiti kinasukumwa nyuma. Niko mlangoni sasa, naandikia ukutani, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Namwona mgongo. Kamba za aproni kazifunga vibaya, zimening’inia. Simu kaishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio, kama kitu cha moto.

“Haloo?” anasema Baba.

Anasubiri.

“Haloo. Nani mwenzangu?”